Vidonge vya mimba iliyokufa kimyakimya: tathmini ya dawa, dozi na madhara yake

Tiba ya vidonge kwa mimba iliyokufa bila dalili ina sifa mbili zinazogongana. Wapo wanaosema ni jambo la siku moja: unaweka vidonge, tumbo linauma, inatoka, imekwisha. Wapo wanaoapa kwamba hawatairudia kamwe. Wote wanasema kweli, kwa sababu mara nyingi hawakupewa tiba moja. Wa kwanza alipewa dawa mbili, dozi kamili, dawa ya maumivu inayotosha na maelezo ya wazi. Wa pili alikabidhiwa vidonge vinne ndani ya bahasha, parasetamoli chache, na kuambiwa "utaona damu kidogo". Kwa hiyo hapa hatupimi kidonge peke yake. Tunapima tiba nzima, tangu kipimo cha kwanza hadi siku mtu anapoambiwa kwamba kizazi kiko safi.

Tuanze na kinachotibiwa. Katika hali hii kiinitete kimeacha kukua, au hakikuumbika kabisa ndani ya mfuko wake, lakini kizazi hakina habari. Mlango umefunga, hakuna damu, na wengine hata kichefuchefu cha ujauzito bado wanacho, maana kondo linaendelea kutoa homoni. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mimba iliyokwisha kuanza kutoka ikaacha mabaki imeshafungua njia; dawa inamalizia tu. Iliyokufa kimyakimya, dawa inaanza kazi kuanzia mwanzo: ilainishe mlango, ibane kizazi, ibandue kila kitu. Ndiyo maana dozi si moja. Kwa mabaki, misoprostoli (dawa ya kubana kizazi) mikrogramu 600 za kumeza au 400 chini ya ulimi mara moja hutosha. Kwa mimba ambayo bado imeshika nzima, dozi ni mikrogramu 800, yaani vidonge vinne vya 200. Kuchanganya dozi hizi mbili ni mojawapo ya sababu za kawaida za mtu kuambiwa "dawa imekataa", wakati kilichotokea ni kwamba alipewa dozi ya tatizo jingine.

Kabla ya kidonge kuguswa, altrasaundi iwe imeondoa shaka yote. Kwa kipimo cha kupitia ukeni, hukumu hutolewa pale kiinitete chenye urefu wa milimita 7 au zaidi kinapokosa mapigo ya moyo, au mfuko wa mimba wenye wastani wa kipenyo wa milimita 25 au zaidi unapokuwa mtupu. Chini ya vipimo hivyo hakuna hukumu, kuna kusubiri. Mfuko ulioonekana ukiwa na kifuko cha kiini, kile kidogo kinacholisha kiinitete mwanzoni, hurudiwa kupimwa baada ya siku 11 au zaidi. Usiokuwa nacho, baada ya wiki mbili. Hedhi isiyo na mpangilio inatosha kuifanya mimba changa yenye afya ionekane imekufa. Huduma inayotoa vidonge kwa kipimo kimoja cha juu ya tumbo, mfuko ukiwa milimita 15, ni huduma ya kukimbia. Kipimo hichohicho kiwe kimeonyesha kwamba mfuko uko ndani ya kizazi, kwa sababu vidonge hivi havitibu mimba iliyotunga kwenye mrija. Vitaleta damu na maumivu, mtu adhani mambo yanakwenda sawa, kumbe mrija unaelekea kupasuka.

Dawa zenyewe

Mifepristoni ni kidonge kimoja cha miligramu 200, cha kumeza kwa maji. Ilitengenezwa na kampuni ya Ufaransa, Roussel-Uclaf, mwaka 1980, na kazi yake ni kuziba njia ya projesteroni, ile homoni inayoshikilia mimba. Utando wa kizazi unalegea, mlango unalainika, na misuli inakuwa tayari kuisikia dawa ya pili.

Misoprostoli ina historia ya kuchekesha kidogo. Ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, na kule kubana kizazi kulikuwa onyo lililoandikwa kwenye kikaratasi cha pakiti. Hapa onyo ndilo limegeuka kuwa kazi yenyewe. Ni ya jamii ya prostaglandini, vitu ambavyo mwili hutumia kubana misuli laini. Ikishajulikana hivyo, nusu ya madhara yake yanajieleza: utumbo nao una misuli laini, kwa hiyo unaharisha, na prostaglandini ndizo zinazopandisha joto la mwili, kwa hiyo unatetemeka.

Kwa muda mrefu wengi walitumia misoprostoli peke yake, kwa hoja iliyoonekana ya akili: kiinitete kimeshakufa, sasa projesteroni inazuiwa ya nini? Jibu lilikuja kwa takwimu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulichukua wanawake 300. Waliopewa mifepristoni kisha misoprostoli mikrogramu 800 ukeni siku iliyofuata, asilimia 83.8 walikuwa wametoa kila kitu kufikia miadi ya kwanza, dhidi ya 67.1 ya waliopewa misoprostoli tu. Waliohitaji kufyonzwa kizazi kwa bomba ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 8.8 dhidi ya 23.5. Mwaka 2020 utafiti wa Uingereza wenye wanawake 711 ukaelekea upande huohuo, ingawa kwa pengo dogo zaidi: mfuko ulishindwa kutoka ndani ya siku 7 kwa asilimia 17 ya waliopata dawa zote mbili na 24 ya waliopata moja. Leo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unapendekeza dawa mbili kwa mimba ya chini ya wiki 14, na misoprostoli peke yake inabaki kuwa mbadala pale mifepristoni isipopatikana.

Hukumu yetu kwenye kipengele hiki haina kona: kama dawa zote mbili zipo, kutoa moja ni kumpunja mtu. Kama mifepristoni haipo, misoprostoli peke yake bado ni tiba halali, ila mhusika aambiwe mapema kwamba huenda akahitaji dozi ya pili. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2005 wa misoprostoli mikrogramu 800 ukeni ulipata asilimia 71 waliomaliza kufikia siku ya tatu. Baada ya waliobaki kurudiwa dozi, ikafika 84 kufikia siku ya nane.

Jambo moja la ufungaji ambalo wauzaji hawalisemi: misoprostoli haipendi unyevunyevu. Kidonge kinachokaa nje ya karatasi yake kinaharibika polepole bila kubadilika rangi wala umbo. Ufungaji mzuri ni wa alumini pande zote mbili; ule wenye plastiki upande mmoja haulindi vizuri kama huo. Vidonge vilivyotolewa mapema na kufungwa kwenye kijikaratasi, au karatasi iliyokatwakatwa mpaka vishimo vikapasuka, visikubaliwe. Angalia pia kwamba si kile kidonge cha maumivu ya viungo chenye diklofenaki na misoprostoli pamoja. Jina la dawa lipo kwenye pakiti lakini hakikutengenezwa kwa kazi hii.

Namna ya kutumia

Siku ya kwanza: mifepristoni, kidonge kimoja. Siku hiyo kwa wengi hakuna kinachotokea zaidi ya kichefuchefu. Ukitapika ndani ya saa moja hivi, mjulishe aliyekupa, huenda ukahitaji kingine. Wachache huanza kutoa damu kabla ya hatua ya pili. Hiyo si sababu ya kuacha misoprostoli kwa uamuzi wako mwenyewe, kwani damu kuanza si kizazi kumaliza.

Baada ya saa 24 hadi 48: misoprostoli mikrogramu 800. Kabla ya kuziweka, kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima, meza dawa ya maumivu (tutaifikia). Kuhusu njia, vipo vitu vya kuchagua. Ukeni: nawa mikono, sukuma vidonge juu kadiri kidole kinavyofika, lala nusu saa. Dawa huingia taratibu, hufika kilele baada ya saa moja na kidogo, na hukaa mwilini kwa muda mrefu. Kuhara na kutetemeka huwa nafuu kidogo. Chini ya ulimi: lowesha mdomo kwa maji kwanza, weka vinne, nyamaza kwa dakika 30 bila kula wala kuongea sana, kisha meza kilichobaki kwa maji. Dawa hufika kilele kwa nusu saa na kilele chake ni cha juu kuliko cha njia nyingine, hivyo kazi inaanza haraka na madhara nayo yanakuja kwa kishindo. Ladha yake ni kama chaki. Shavuni: viwili kila upande kati ya fizi na shavu, dakika 30 vilevile.

Makosa ya hapa yanajulikana. Mtu anameza vidonge vilivyotakiwa kukaa chini ya ulimi kwa sababu mate yamejaa. Dawa ya kumeza huondoka mwilini mapema mno. Mwingine anaviweka ukeni wakati damu tayari inatoka kwa wingi, vinasukumwa nje kabla havijaisha. Damu ikishaanza, ni bora mdomoni. Mwingine anaona mabaki meupe ya kidonge kwenye pedi baada ya saa kadhaa akidhani dawa haikuingia. Iliingia, kilichobaki ni unga wa kushikilia kidonge. Na aliyetapika baada ya dakika 30 za chini ya ulimi kumalizika hana haja ya kurudia, maana sehemu kubwa imeshapita.

Saa sita ambazo hazisimuliwi vizuri

Kwa wengi tumbo huanza kubana kati ya saa 1 na 4 baada ya misoprostoli. Huanza kama tumbo la hedhi, kisha linapanda, likija kwa mawimbi: linakaza, linaachia, linakaza tena kwa nguvu zaidi. Kilele huwa muda mfupi kabla mfuko haujatoka. Wanaoambiwa ni "kama hedhi" huingiwa na hofu kilele kinapofika, na hofu huongeza maumivu. Aambiwe ukweli: kwa wengi ni zaidi ya hedhi, kwa baadhi ni karibu na uchungu wa kuzaa, na hupungua ghafla mfuko ukishapita.

Damu nayo hutangulia au hufuatana na maumivu. Inakuwa nzito kuliko hedhi, na mabonge. Mtu akisimama baada ya kulala, au akikaa chooni, hutoka nyingi kwa mara moja kwa sababu ilikuwa imejikusanya ukeni. Hilo peke yake si hatari. Kitakachoonekana kinategemea ukubwa wa kiinitete kwenye altrasaundi, si wiki zinazohesabiwa kutoka hedhi ya mwisho, kwani mimba inaweza kuwa ya wiki 11 kwa kalenda na kiinitete kikawa kiliacha kukua wiki ya 7. Kwa ukubwa wa wiki 6 hadi 8, ni mabonge na kitu cheupe au cha kijivu, laini, wakati mwingine mfuko mzima. Kuanzia ukubwa wa wiki 9 au 10 umbo linaweza kutambulika. Ni habari nzito kumpa mtu, lakini kuikuta bila kuonywa ni nzito zaidi. Aulizwe mapema kama anataka kuangalia, kuzika, au kutoona kabisa, na mpango ufuate jibu lake.

Maandalizi ya siku hiyo ni machache: pedi kubwa zinazonyonya, si za kuingiza ndani, kwa sababu lazima damu ihesabike, chupa ya maji ya moto ya kuweka tumboni, maji ya kunywa, kipimajoto, mtu mzima mmoja nyumbani, na namba ya kupiga pamoja na usafiri wa kufika hospitali usiku. Bila vitu hivyo viwili vya mwisho, tiba ya nyumbani si chaguo zuri, ifanyike kituoni.

Maumivu: hapa ndipo huduma nyingi zinapofeli

Ibuprofeni ndiyo dawa ya kwanza. Miligramu 400 hadi 600 kila baada ya saa 6 hadi 8, kadiri ulivyoelekezwa, dozi ya kwanza ikitangulia misoprostoli au ikimezwa tumbo linapoanza tu kubana. Anayesubiri mpaka maumivu yawe kileleni huwa ameshachelewa, maana kidonge kinahitaji karibu nusu saa tumboni na huenda akakitapika. Ipo imani kwamba ibuprofeni, kwa kuwa hupunguza prostaglandini za mwili, itaua nguvu ya misoprostoli. Haiui: misoprostoli ni prostaglandini iliyokwisha kutengenezwa, ilhali ibuprofeni inazuia mwili kutengeneza za kwake.

Parasetamoli peke yake ni dhaifu kwa kazi hii. Kama nyongeza juu ya ibuprofeni, gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, inasaidia. Inabaki kuwa dawa kuu kwa wasioweza ibuprofeni: wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamshwa na dawa za jamii hiyo. Hao wapewe pia kitu chenye nguvu zaidi na mtoa huduma, wasiachwe na parasetamoli tupu. Aspirini iachwe, inazidisha kutoka damu. Kidonge cha kuzuia kutapika, kama metoklopramidi, kimezwe mapema na anayejijua kwamba tumbo lake ni jepesi.

Madhara mengine, na yanadumu muda gani

Kutetemeka na baridi kali huwashtua watu kuliko damu. Meno yanagongana, blanketi tatu hazitoshi, halafu ndani ya saa moja joto linapanda mpaka 38 au zaidi. Ni dawa, si maambukizi, na huondoka lenyewe ndani ya saa chache, parasetamoli huituliza. Kipimo cha kutofautisha ni saa: homa inayovuka saa 24 tangu misoprostoli, au inayokuja siku ya pili au ya tatu baada ya kuwa umepoa, ichukuliwe kuwa maambukizi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kosa linakwenda pande zote mbili. Wapo wanaokimbizwa hospitali saa ya pili kwa homa ya dawa wakachomwa antibiotiki zisizohitajika, na wapo wanaokaa na homa siku tatu wakisema "niliambiwa ni kawaida".

Kuhara huja ndani ya saa za mwanzo, mara mbili tatu, kisha kunakoma. Kunywa maji, hata yenye chumvi na sukari, kunatosha. Kichefuchefu, kutapika, kichwa kuuma, kizunguzungu: siku moja. Viganja kuwasha hutokea kwa wachache na hupita. Vipele mwilini pamoja na kuvimba uso au kushindwa kupumua si madhara ya kuvumilia, ni mzio na ni dharura.

Damu huendelea, ikipungua, kwa wiki moja hadi mbili, na matone yanaweza kufika wiki ya tatu. Kuna siku inakaribia kukauka kisha inarudi kidogo mtu akifanya kazi nzito. Anayenyonyesha anaweza kuendelea, maana kiasi cha misoprostoli kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo na huisha ndani ya saa chache.

Inapokwenda vibaya

Mambo matatu yanastahili kukaririwa. La kwanza ni damu: pedi kubwa mbili zilizoloa chapachapa ndani ya saa moja, kwa saa mbili mfululizo, au kiasi chochote kikiambatana na kuzirai, moyo kwenda mbio au ngozi kuwa baridi na jasho. Hapo unakwenda hospitali, hupigi simu kuuliza. Mara nyingi sababu ni kipande kilichokwama kwenye mlango wa kizazi, kikizuia misuli isikaze, na daktari akikiona anaweza kukivuta kwa koleo na damu ikapungua palepale. Katika utafiti ule wa 2018, walioongezewa damu walikuwa asilimia 2.0 kwenye kundi la dawa mbili na 0.7 kwenye kundi la dawa moja. Ni wachache, lakini ndio sababu ya kupima wingi wa damu kabla ya kuanza: mwenye upungufu mkubwa wa damu hana akiba ya kupoteza nyumbani.

La pili ni maambukizi: homa kama tulivyoeleza, uchafu wenye harufu mbaya, tumbo la chini linalouma likiguswa. Si mengi, katika utafiti huohuo yalikuwa asilimia 1.3 kwa kila kundi. Antibiotiki za kinga hazihitajiki kwa wote wanaotumia vidonge, tofauti na wanaofyonzwa, ambao hupewa.

La tatu ni ukimya. Hakuna damu, au matone tu, saa 24 hadi 48 baada ya misoprostoli. Sababu huwa ni mojawapo ya hizi: dozi ndogo, kidonge kibovu, njia iliyokosewa, mwili uliogoma, au mimba iko kwenye mrija na aliyepima hakuiona. Ukimya ukiambatana na maumivu ya upande mmoja, au maumivu kwenye ncha ya bega, au kuzirai, fikiria mrija kwanza. Vinginevyo dozi nyingine ya mikrogramu 800 hutolewa, au mtu achague kufyonzwa. Kuongeza vidonge kimojakimoja nyumbani bila kuelekezwa hakuharakishi kitu, kunaongeza kuhara.

Ufuatiliaji mzuri, na ule unaoharibu

Altrasaundi hufanyika siku 7 hadi 14 baadaye, na swali lake ni moja: mfuko umetoka? Basi. Utando mnene na vivuli vya mabonge ni vya kawaida kabisa wiki ya kwanza na ya pili. Hapa tunalalamika waziwazi: wanawake wengi ambao tiba yao imefaulu hupelekwa kusafishwa kwa sababu karatasi imeandikwa "mabaki", ilhali hawana damu nyingi, hawana homa, hawana maumivu. Picha isitibiwe, atibiwe mtu. Kukwangua kizazi kisichohitaji kukwanguliwa kunaweza kuacha makovu yanayogandisha kuta zake, na hayo ndiyo yanayosumbua mimba za baadaye, si vidonge. Ikibidi kusafisha, bomba la kufyonza ni bora kuliko kijiko cha chuma.

Pasipo altrasaundi, kipimo cha mkojo wiki 3 baadaye hutumika. Kikifanywa mapema, siku ya 10 kwa mfano, kitasema ndiyo na kuzua taharuki bure, kwani hCG, homoni ya ujauzito ambayo kipimo hicho huitafuta, huchukua wiki kadhaa kushuka. Kikibaki chanya baada ya wiki 3 hadi 4, uchunguzi unaendelea: mabaki, mimba mpya, au mimba zabibu (kondo linapokua vibaya kama vishada vya zabibu), ambayo wakati mwingine hujificha ndani ya kinachoitwa mimba iliyokufa.

Nani apewe, nani asipewe

Vidonge vinamfaa mwenye hali tulivu, asiye na dalili za maambukizi, mimba ikiwa chini ya wiki 13 au 14 kwa ukubwa, anayeweza kufika hospitali haraka. Kovu la upasuaji wa kujifungua si kizuizi katika ukubwa huo. Kupita hapo dozi hubadilika na mtu hukaa wodini. Mifepristoni haimfai mwenye tezi za adrenali (zilizo juu ya figo) zilizoshindwa kazi, anayetumia steroidi kwa muda mrefu, wala mwenye pofiria ya kurithi, ugonjwa adimu wa utengenezaji wa sehemu ya damu. Wanaotumia dawa za kuyeyusha damu au wenye damu isiyoganda wasitibiwe nyumbani kwa dawa yoyote kati ya hizi. Kitanzi kikiwepo, kitolewe kwanza.

Mwenye kundi la damu la Rh hasi aulize kuhusu sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake usitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto katika mimba zijazo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilisema haihitajiki kabla ya wiki 12. Baadhi ya miongozo bado huitoa mapema zaidi. Hakuna ubaya kufuata mwongozo wa mahali ulipo, ubaya ni kutopima kundi la damu kabisa.

Tukilinganisha: kufyonzwa kwa bomba hufaulu kwa asilimia 97 hivi, humalizika kwa dakika chache, na mtu anarudi nyumbani akijua kimekwisha. Gharama yake ni chombo kuingizwa kizazini, na hatari ndogo ya kutoboa au kujeruhi mlango. Kusubiri mwili ufanye wenyewe ni halali pia, lakini kwa mimba iliyofunga mlango, kusubiri kunaweza kuchukua wiki kadhaa na hakuna anayejua siku. Vidonge vimekaa katikati: faragha ya nyumbani, siku ya kupanga mwenyewe, kwa bei ya maumivu na ya kutokuwa na uhakika kamili. Katika utafiti wa 2005, asilimia 78 ya waliotumia misoprostoli walisema wangeitumia tena na 83 wangempendekezea mwingine, na hapo hawakuwa na mifepristoni. Anayeogopa damu kupita kiasi, anayeishi peke yake, au aliyekwisha kuchoka na kungoja habari, tungemwelekeza kwenye bomba bila kusita.

Yai jingine linaweza kukomaa wiki 2 tu baada ya mimba kutoka, kabla ya hedhi kuonekana. Hedhi yenyewe hurudi kati ya wiki 4 na 6, na ya kwanza inaweza kuwa nzito. Asiyetaka mimba sasa anaweza kuanza vidonge vya uzazi wa mpango au sindano siku ileile ya misoprostoli; kitanzi husubiri mpaka ithibitike kwamba kizazi ni kitupu.